Mizani ya Gongoni

Kazi yangu ni kupima, barabara ya Gongoni,
Kila lori husimama, matairi sahanini,
Nikisha namba kusoma, naiandika chetini.
Chumvi yaenda mjini, sisi twabaki na shimo.

Baba, mtu wa kutunga, alinifunza hesabu,
Kila mstari kupanga, nane kwa nane, si tabu,
Ukizidi ni kuchonga, uking'ang'ana, aibu.
Sikujua nitakuja kupima vyuma kwa tani.

Sheria imeandikwa, ukutani kwa buluu,
Tani zote zimewekwa, za chini hata za juu,
Mwenye kuzidi hushikwa, faini yake ni kuu.
Ila simu ikilia, wino huo hufifia.

Pana kibao cha bati, kando ya mto Sabaki,
Kimeandikwa kwa dhati, fedha hazihesabiki,
Za ukarabati, eti; mbuzi hapo hawatoki.
Hujikunia migongo; ndiyo kazi yake hiyo.

Jumanne, saa nne, Ngumbao akaingia,
Lori lile ulione, chuma kinalialia,
Zimezidi tani nane, kioo chaniambia.
Nikasema, “Teremsha.” Akacheka, akatema.

“Dada Sidi, nisikize, kila lita nalipia,
Tangi langu nilijaze, ushuru umeingia,
Basi wewe nieleze, lami imekimbilia
wapi? Greda mara ngapi limepita Marereni?

“Mwenye lori ni Bushiri, hajui njia ni ipi,
Hunilipa kwa safari, nipunguze nile kapi?
Shule karo yasubiri, itoke mfuko upi?
Mizani yapima lori, tajiri haimpimi.”

Sijajibu, simu yaja, ya mkubwa wa kituo,
“Acha kuuliza hoja, lori halitaki tuo.”
Noti ikashuka moja, imekunjwa kama nguo.
Nikatia muhuri, nikainua chuma, na tani nane za chumvi zikapita juu ya jina la baba yangu, juu ya vina, juu ya kituo, na mstari huu, msomaji, haubebeki tena.

Haikufika masika, shimo likawa besena,
Lami ikamomonyoka, besena likawa —
Pikipiki zaanguka, na nyanya zangu za jana.
Hapana aliyejua nani alilipitisha.

Kisha akaja kijana, Mwakombe, ana kofia,
Miaka kumi, si sana, koleo lamzidia,
Hujaza shimo mchana, kwa kifusi na gunia.
Wapitao hutupia kumi, hata ishirini.

Huo ndio, nasadiki, ushuru niuonao,
Hauendi kwenye benki, haukai kwa walao,
Ukitolewa hubaki shimoni, kwa watoao.
Nikashuka. Noti ile ilinilemea bado.

Nikampa mkononi, mia tano, akaruka,
Akatazama juani, kageuza, kaiweka,
Akauliza, “Ya nini?” “Ya deni,” nikatamka.
Akafikiri kidogo, kaegemea mpini.

“Lile lori la Ngumbao, likija, napata kazi.
Nina wadogo walao, na mama yetu hawezi.
Mkaze mizani yao, nitakula nini, mwezi?
Mwambie apite tena. Asipunguze gunia.”

Leo nipo mizanini, kalamu nashikilia,
Vumbi laja dirishani, Ngumbao anaingia.
Nahesabu. Nane. Nane. Simu imeanza kulia.